TAHA HUSSEIN: KIPOFU ALIYEFIKA KILELENI MWA ELIMU



Ndugu msomaji, Ramadhan Karim. Tunatumai saumu yaenda vizuri na joto la Ukunda halijakushinda. Basi ukishafuturu, ukatulia kidogo kabla ya tarawehe, chukua dakika chache tuzungumze habari za mtu mmoja.

Kwanza swali. Hapo mtaani kwenu yuko mtoto asiyeona? Au asiyesikia, au ambaye miguu haimchukui? Usijibu haraka, maana wengine wako ndani na hawatolewi nje. Sasa ukishamkumbuka, jiulize swali la pili: umewahi kumuwazia mtoto huyo akiwa chuo kikuu? Wengi wetu tukimuona twasema masikini, twampa shilingi kumi, twaenda zetu. Kumuwazia amevaa joho siku ya mahafali, anaitwa profesa, hilo halitujii kabisa.

Mtu tunayekuletea leo alikuwa mtoto kama huyo. Alizaliwa kijijini, kwenye nyumba yenye watoto wengi na pesa chache, akapofuka akiwa mdogo. Akaja kuwa profesa, mkuu wa chuo kikuu, na waziri wa elimu wa nchi nzima ya Misri. Jina lake ni Taha Hussein. Hebu tumfuate tangu mwanzo, na kila mahali alipopita tuangalie jambo moja: mlango ulifunguka vipi, na nani aliufungua?

MACHO YALIYOPOTEA BURE

Taha Hussein alizaliwa Novemba 1889 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Maghagha, mkoa wa Minya, kusini ya Cairo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa cheo cha chini kwenye kampuni ya sukari. Wazee wa Ramisi wataelewa maisha hayo, kwani wengi wao walilea watoto kwa kibarua cha kiwanda cha sukari kabla hakijafungwa. Watoto nyumbani walikuwa kumi na watatu, na Taha ni wa saba.

Alipokuwa na umri wa kama miaka mitatu, macho yake yaliugua. Hakupelekwa kwa daktari. Aliachwa siku kadhaa, kisha akaitwa kinyozi wa kijijini ambaye ndiye aliyekuwa tabibu wa watu. Kinyozi akamtibu kwa ujuzi wake. Macho yakaharibika, na nuru ikazimika moja kwa moja.

Mzazi mwenzangu, simama hapo kidogo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kutibika. Kilichompofusha mtoto yule ni kuchelewa, na mikono ya mtu asiyejua. Sisi huku Kwale tuna Kwale Eye Centre, kituo cha macho ambacho kimekuwa kikihudumia watu wa pwani ya kusini tangu miaka ya 1990, na hospitali za Msambweni na Kwale ziko. Mtoto akivimba macho au akitoka usaha, mpeleke siku hiyo hiyo. Usimtie matone ya kuokotaokota.

CHUONI NA KWENYE SAHANI

Kijijini kwao kulikuwa na chuo cha Qur'ani, kama vyuo vyetu vya Kinondo na Gazi, ambako watoto huketi chini mbele ya maalim na kusoma kwa kufuatisha sauti. Huko Taha hakuhitaji macho. Alihitaji masikio na kumbukumbu, na vyote Mwenyezi Mungu alimpa kwa wingi. Alihifadhi Qur'ani yote akiwa bado hajafika miaka kumi.

Lakini nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia maisha yake katika kitabu kinachoitwa al-Ayyam, yaani Siku, ambacho kimefasiriwa kwa lugha nyingi. Humo anaeleza kisa kimoja cha chakula. Siku moja wamekaa wanakula, akaamua kujaribu kuchukua tonge kwa mikono miwili badala ya mmoja. Ndugu zake wakaangua kicheko. Mama akalia. Baba akamuelekeza kwa sauti ya upole yenye huzuni. Tangu siku hiyo mtoto akajinyima mwenyewe mchuzi, wali na kila chakula cha kijiko, asije akachekwa tena.

Msomaji, Ramadhani ni mwezi wa sinia. Twakaa watu sita saba, mikono inakutana kwenye futari moja. Kama kuna asiyeona kati yenu, mwambie viazi viko upande gani na uji uko mkono gani, kisha muache ale. Kicheko cha dakika moja kilimkaa Taha Hussein miaka mingi, hata akaja kukiandika kitabuni akiwa mtu mzima.

AL-AZHAR

Mwaka 1902, akiwa na miaka kama kumi na tatu, alipelekwa Cairo kusoma Al-Azhar, ambako kaka yake alikuwa ametangulia. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Al-Azhar ilikuwa na zawiya yake maalumu ya wanafunzi vipofu, iliyokuwa ikiendeshwa kwa wakfu. Yaani kulikuwa na Waislamu waliotoa mali zao, wakaziweka wakfu, ili asiyeona apate pa kulala na chakula huku akisoma. Haya yalikuwako kabla ya serikali za leo kuandika sheria yoyote ya watu wenye ulemavu.

Hata hivyo, kuwa na nafasi ni jambo moja, na kuheshimiwa ni jambo jingine. Siku ya mtihani wa kuingia, mtahini hakumuita kwa jina. Alimuita kwa upofu wake. Taha anaeleza jinsi neno lile lilivyomchoma, kwa sababu nyumbani watu wake walikuwa wakijichunga wasilitaje mbele yake. Akasomeshwa aya chache tu, akaambiwa aende, amefaulu. Alikuwa amejitayarisha kwa mtihani mkubwa, naye aliona kwamba hawakumpima sawasawa.

Maisha ya Cairo yalikuwa ya upweke. Aliishi chumba kimoja na kaka yake. Kaka alikuwa na darsa zake na marafiki zake, na mara nyingi Taha alibaki peke yake gizani mpaka usiku, hana wa kumsomea wala wa kumtoa nje. Hali ilibadilika binamu yake alipokuja Cairo kusoma. Binamu akawa ndiye macho yake. Wakitoka pamoja, wakihudhuria darsa pamoja, na vitabu akimsomea. Weka alama hapo, ndugu msomaji, kwa sababu tutalirudia jambo hili.

Alikaa Al-Azhar miaka mingi, lakini hakuelewana na baadhi ya masheikh. Alikuwa muulizaji sana na mkosoaji. Mwaka 1912 alifanya mtihani wa shahada ya ualimu wa dini, wakamuangusha.

NJIA YA PILI

Mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ulikuwa tayari wazi. Mwaka 1908 chuo kikuu kipya kilifunguliwa Cairo, kile kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Cairo. Taha alijiandikisha tangu mwanzo. Mwaka 1914 akawa mtu wa kwanza kabisa kupata shahada ya udaktari kutoka chuo hicho. Na alimuandikia nani? Alimchagua Abul-Alaa al-Ma'arri, mshairi wa Shamu wa karne ya 11, naye pia kipofu. Mtu wa kwanza kupewa PhD na chuo kikuu kile alikuwa asiyeona, na utafiti wake ulikuwa juu ya asiyeona mwenzake.

Sasa sikiliza habari ya safari. Chuo kilikuwa kikiwapeleka wanafunzi bora Ufaransa. Taha aliomba kwenda. Masharti hayakuwa upande wake: hakuwa na cheti cha sekondari, na alikuwa haoni. Kipofu angehitaji mtu wa kumuongoza na kumsomea, na huyo mtu agharamiwe na nani? Ombi likakataliwa. Akaandika tena, akakataliwa. Akaambiwa ajifunze Kifaransa kwanza. Akajifunza. Akaambiwa apate udaktari kwanza. Akaupata. Mwisho wakaishiwa na sababu, na mwaka 1914 akapanda meli kwenda mji wa Montpellier.

Ukiangalia vizuri, hakuna aliyesema kwamba akili yake haifai. Ugomvi ulikuwa juu ya msaidizi na gharama zake. Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Kijana asiyeona akikosa chuo, mara nyingi si kwa kuwa hawezi masomo. Ni kwa kuwa hakuna aliyepanga nani atamsomea. Asiyesikia hukosa mkalimani wa lugha ya ishara. Wa kiti cha magurudumu hukuta darasa liko ghorofa ya pili na ngazi ni za kupanda kwa miguu.

SAUTI YA SUZANNE

Huko Montpellier Taha alitafuta mtu wa kumsomea vitabu. Akapatikana msichana wa Kifaransa aitwaye Suzanne Bresseau. Vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimeanza, na chuo cha Cairo kikaishiwa pesa, kikamrudisha nyumbani mwaka 1915. Baada ya miezi michache akarejeshwa Ufaransa, safari hii Paris, kwenye Chuo Kikuu cha Sorbonne. Suzanne akaendelea kumsomea. Alimsomea historia, falsafa, fasihi, na hata Kilatini, lugha iliyokuwa lazima kwa shahada ile na iliyowashinda wengi wenye macho mazima. Mwaka 1917 wakaoana. Kabla ya kurudi Misri mwaka 1919 alikuwa amepata udaktari wa pili, kwa utafiti juu ya mwanachuoni mkubwa Ibn Khaldun.

Fanya hesabu sasa. Chuoni alikuwa na sauti ya maalim. Al-Azhar alikuwa na binamu. Paris alikuwa na Suzanne. Baadaye, akiwa mkubwa serikalini, alikuwa na makatibu wa kumsomea na kuandika anayosema. Akili ilikuwa yake na bidii ilikuwa yake, hakuna anayeweza kumnyang'anya hayo. Lakini hakuna hata hatua moja aliyopiga bila ya mtu kuketi karibu naye na kufungua kitabu kwa sauti. Wangapi walikuwa na akili kama yake, wakakosa tu mtu wa kuwasomea?

PROFESA, MKUU WA KITIVO, WAZIRI

Aliporudi alifundisha historia ya Wayunani na Warumi, na tangu 1925 fasihi ya Kiarabu. Mwaka 1926 alitoa kitabu juu ya mashairi ya zama za Jahiliya kilichozua zogo kubwa. Na hapa tuseme ukweli, maana msomaji wetu ana haki ya kujua. Maulamaa wengi walimpinga vikali kwa yale aliyoyaandika humo, na alishitakiwa mpaka kwa mwendesha mashitaka wa serikali. Kesi ikafungwa mwaka 1927, na kitabu akakitoa upya kikiwa kimebadilishwa. Sisi hatumleti hapa ili ukubali kila alilolisema. Ulamaa waliomjibu walikuwa na hoja zao. Lakini angalia hivi: walimjibu kama mwanachuoni, kitabu kwa kitabu. Hakuna aliyemuonea huruma kwa upofu wake. Kubishiwa hoja yako nako ni heshima ambayo mtu mwenye ulemavu huinyimwa mara nyingi.

Akawa mkuu wa kitivo cha fasihi. Alikuwa miongoni mwa waliosaidia wasichana kuingia chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wengi waliona ni jambo lisilowezekana. Serikali ilipomtaka awape wanasiasa shahada za heshima, alikataa, na mwaka 1932 akaondolewa kazini. Wanafunzi waligoma, na mkuu wa chuo, Ahmad Lutfi al-Sayyid, akajiuzulu kwa kupinga. Baada ya miaka miwili hivi alirudi. Mwaka 1942 Chuo Kikuu cha Alexandria kilipoanzishwa, mkuu wake wa kwanza alikuwa yeye, mtoto yule aliyeshindwa kula mbele ya ndugu zake.

Katika miaka hiyo ya 1940, akiwa mshauri wa wizara ya elimu, karo ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 1950 akafanywa waziri wa elimu, akafuta pia karo ya sekondari na ya shule za ufundi. Hoja yake ilijulikana nchi nzima: elimu ni haki ya kila mtu kama alivyo na haki ya maji anayokunywa na hewa anayovuta. Sisi Kenya tulifuta karo ya msingi mwaka 2003, zaidi ya nusu karne baadaye.

Alifariki Cairo tarehe 28 Oktoba 1973, siku chache baada ya vita vya Oktoba. Alikuwa na umri wa miaka 83.

NA SISI WA KWALE?

Sasa turudi nyumbani. Usidhani milango huku haiko. Kwale mjini iko shule ya viziwi. Ukivuka mpaka wa kaunti iko Likoni School for the Blind, ambako watoto wasioona husoma kwa breli, yale maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Kwa sekondari, jina kubwa kwa miaka mingi limekuwa Thika. Mitihani ya taifa hutolewa kwa breli. Sheria ya watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, na sheria mpya ikachukua nafasi yake mwaka 2025. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia taasisi za elimu pamoja na wenzake, na haki ya kutumia lugha ya ishara na breli. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watu na lina mfuko unaosaidia karo na vifaa. Tangu ugatuzi wa 2013 kaunti yetu nayo ikaanzisha mpango wa Elimu ni Sasa, uliolipia karo vijana wengi wa Kwale.

Kwa hiyo karatasi ziko. Shida ni ile ile iliyomzuia Taha: kuitoa haki kwenye karatasi mpaka imfikie mtoto wa Lunga Lunga au Kinango. Mtoto asiyesajiliwa hatambuliwi. Asiyepelekwa shule ya msingi hawezi kufika KCSE, na asiyefanya KCSE, KUCCPS haiwezi kumpangia chuo. Mlango wa chuo kikuu, ndugu yangu, hufungwa mtoto akiwa na miaka mitano, pale jamaa wanapokubaliana kwamba huyu abaki nyumbani achunge mlango.

Mzazi, kampime mtoto, kamsajili, kisha mpeleke shule. Usione haya. Na usimfiche kwa kuogopa maneno ya watu kwamba nyumba yako ina laana au imerogwa, maana maneno hayo ni uongo mtupu.

Na wewe kijana unayesoma ukurasa huu? Wewe ndiye tunayekusema hasa. Una sauti, na simu yako inaweza kurekodi. Mwanafunzi asiyeona wa Pwani University au Technical University of Mombasa akikosa kitabu cha breli, sura moja uliyoisoma kwa sauti na kumtumia ni karamu kwake. Ukiwa na nafasi ya likizo, jifunze ishara chache ili uzungumze na kiziwi wa mtaani kwenu. Kamati za misikiti nazo zikumbuke ile zawiya ya Cairo. Wakfu si wa makaburi na mazulia peke yake. Chumba kimoja cha kupangisha hapo Ukunda, kikiwekwa wakfu kwa jina la wanafunzi wenye ulemavu, kodi yake inaweza kumlipa msomaji mmoja mwaka mzima.

Tumalize na habari ya mwezi huu huu. Wakati wa Mtume (SAW), mjini Madina, waadhini wa alfajiri walikuwa wawili. Bilal aliadhini usiku ungali usiku, na watu waliendelea kula daku mpaka wasikie adhana ya Abdullah ibn Umm Maktum. Huyu ibn Umm Maktum alikuwa kipofu. Ndiye ambaye kwa ajili yake iliteremka Sura ya 'Abasa, na ndiye ambaye Mtume alimuachia Madina mara kadhaa aliposafiri. Kipofu ataijuaje alfajiri? Hakuadhini mpaka aambiwe kwamba asubuhi imeingia. Watu walimwambia, naye akapaza sauti, na mji mzima ukafunga kwa adhana yake. Hakuna aliyesema kazi hiyo apewe mwenye macho.

Basi leo usiku ukiamka kula daku, mkumbuke yule mtoto wa mtaani kwenu, na asubuhi nenda ukaulize kwao kama amesajiliwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofungua milango. Amin.

Wabillahi tawfiq.